Mbwa Mdogo, Kazi Kubwa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Lugha yetu tukufu ya Kiswahili, mpenzi msomaji, haijamtendea mbwa haki. Ukitaka kumtusi mtu hadi aje na panga, mwite mbwa. Mtu akifukuzwa kwa aibu husemwa amefukuzwa kama mbwa. Hata wahenga walipomtaja, walimtaja ili kumsema binadamu. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, wakanena. Mbwa hafi maji akiona ufuko, wakaongeza. Kijijini kwetu nako mambo ni yayo hayo. Mbwa ni bawabu asiye na mshahara. Hufungwa mnyororo kukipambazuka, hufunguliwa usiku, hurushiwa ukoko wa ugali, na akiugua watu husema, "Si ni mbwa tu?" Leo nataka kuwasimulia habari za mbwa wa namna nyingine, mdogo kwa kimo lakini mwenye mambo mengi, ambaye amekaa kwetu zaidi ya miaka miwili. Nitaeleza anavyotunzwa, na nitaeleza pia jinsi kipande cha karatasi kilivyomwokoa kutoka kwenye rungu.

Baba yangu ni dereva wa lori katika shamba moja la kahawa upande wa Thika. Mnamo Desemba mwaka wa 2023 meneja wa shamba hilo alistaafu, akahamia Pwani katika nyumba ya ghorofa ambamo wanyama hawakuruhusiwa. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani nikingoja kuingia kidato cha kwanza, maana sisi ndio tuliofanya ule mtihani wa mwisho wa KCPE. Jioni moja baba akashuka kwenye lori na katoni ya sabuni kwapani. Ndani mlikuwa na mbwa wa miezi mitano, mweupe pe pe pe, mwenye doa la kahawia juu ya jicho moja. Pamoja naye ilikuja kadi ya chanjo.

Nyanya alichungulia ndani ya katoni, akamtazama baba.

"Wewe kijana wangu, nimekuambia boma hili halina mbwa, sasa unaniletea panya?"

Sote tulicheka. Lakini baada ya siku tatu yule "panya" alikuwa amelifukuza paka la jirani hadi juu ya paa, amekata kamba ya kuanikia nguo, na ameibweka kila bodaboda iliyopita njiani. Nyanya mwenyewe ndiye aliyempa jina. Alimwita Pilipili.

Nilipofungua shule nilikwenda maktaba kutafuta habari za mbwa wa aina hii. Huitwa Jack Russell, nao ni wa jamii ya teria. Jina hilo ni la padri mmoja wa Uingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka wa 1795 na kufariki mwaka wa 1883. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1819, akiwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu kule Oxford, alikutana na muuza maziwa aliyekuwa na mbwa jike mdogo aitwaye Trump. Akampenda, akamnunua papo hapo, na kutokana na huyo akaanzisha kizazi chake cha mbwa. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kumfuata mbweha ndani ya shimo lake, kumbwekea huko gizani na kumtoa nje, ili wawindaji waliopanda farasi waendelee kumkimbiza. Ndiyo maana walihitajika wawe wadogo, wepesi na wasiojua kuogopa. Rangi nyeupe nayo iliwasaidia wawindaji wasije wakamdhania mbwa kuwa ni mbweha. Mpaka leo mbwa wa aina hii ana kimo cha sentimita 25 hadi 30 begani, na uzito wa kilo 5 au 6 hivi. Sufuria ya githeri ya shule yetu ingeweza kumfunika mzima mzima.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kuwajua teria. Siti binti Saad wa Unguja, yule mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alisafiri hadi Bombay huko India mwaka wa 1928 kurekodi santuri katika kampuni ya His Master's Voice. Nembo ya kampuni hiyo ni mbwa mdogo aliyeinamisha kichwa akisikiliza gramafoni. Mbwa huyo aliishi kweli. Alikuwa teria wa mji wa Bristol aliyeitwa Nipper, naye alichorwa na Francis Barraud. Nyanya anapofungua redio yake jioni, Pilipili huinamisha kichwa vivyo hivyo, utadhani anaelewa taarifa ya habari.

Sasa hebu fikiria, msomaji. Damu iliyolelewa kwa takriban miaka 200 ili iingie mashimoni imeletwa katika boma lisilo na mbweha. Itafanya nini? Ilichimba. Ilichimba kitalu cha sukuma wiki cha mama, ikachimba chini ya tangi la maji, ikachimba mpaka kaburi la mbuzi tuliyemzika mwaka uliotangulia. Soksi zangu za shule zilichanwa jozi baada ya jozi. Kisha siku moja ya Jumamosi, Pilipili alipenya kwenye ua wa jirani, na mama jirani akatujia na tetea wake akiwa amemshika miguu, shingo inaning'inia.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" kaka yangu mkubwa akatia utani.

"Mimi sijaila," mama jirani akajibu, "yenyewe ndiyo imekuja kula kwangu!"

Baba hakucheka. Alilipa kuku yule bila ubishi, kisha akatoa hukumu: mbwa afungwe mnyororo, na akiendelea na utundu arudishwe shambani akatafutiwe mtu mwingine. Pilipili akafungwa kwenye mti wa mparachichi. Alizunguka mti ule kutwa kucha mpaka shingo ikachubuka. Alibweka hadi sauti ikamkauka. Siku ya nne alianza kukataa chakula. Mimi nilikuwa nikitoka shule jioni nakaa naye pale, lakini nikiondoka tu kelele zinaanza upya, na majirani hawalali.

Aliyetuokoa ni nyanya, yule yule aliyemwita panya. Alitoka na fimbo yake, akamtazama Pilipili kwa muda mrefu, akasema, "Mtoto asiye na kazi hubomoa nyumba. Huyu mpeni kazi."

Mwenyeji wa sehemu zetu anajua balaa la fuko. Mnyama huyo hukaa chini ya ardhi na kula viazi, nduma na viazi vitamu kutoka chini, wewe ukidhani shamba limestawi. Tulikuwa tukimlipa mzee mmoja atutegee mitego, kila fuko na bei yake. Jumamosi iliyofuata nilimfunga Pilipili kamba ndefu, nikamwongoza hadi kwenye vichuguu vya udongo mpya shambani mwa nyanya. Lahaula! Alisimama tuli, kichwa upande, sikio moja limesimama. Kisha akaanza kuchimba, udongo unaruka nyuma yake kama maji ya mferejini. Kufikia saa sita mchana fuko wawili walikuwa wamelala juu ya nyasi. Nyanya alipiga kigelegele. Jioni ile Pilipili alilala kwa mara ya kwanza bila kubweka, tena alikoroma.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba utundu wa mbwa huyu ulikuwa ni nguvu isiyokuwa na pa kwenda. Mnyororo ulitoka siku hiyo. Badala yake baba alizungusha ua wa waya, akauzika chini ya ardhi kiasi cha futi moja ili Pilipili asipenye kwa kuchimba. Kuku nao wakapata ua wao. Nimejifunza kwamba teria hafundishwi kumsahau kuku hata umuhubirie mwaka mzima. Dawa ni kumzibia njia.

Haya sasa, utunzaji wenyewe ukoje? Nitasema ninayoyafanya.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hiyo huamka saa kumi na nusu alfajiri. Kabla ya chai, Pilipili na mimi hukimbia nusu saa hadi mtoni na kurudi, yeye akiwa na kamba. Jioni nikirudi tunafanya nusu saa nyingine, au anakwenda shambani kwa fuko wake. Mvua inyeshe, jua liwake, mtihani uwepo, usiwepo, ratiba ni ile ile. Siku nikikawia shuleni kwa sababu ya mazoezi ya mpira, mdogo wangu hushika zamu. Asiyeweza kutoa saa moja kila siku heri asimfuge mbwa huyu, afuge sungura.

Chakula chake hakina makuu. Hula ugali uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi, na mara moja moja mchuzi wa mifupa kutoka buchani. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi, kwani huvunjika ncha kali na kumtoboa matumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Aidha, kuna jambo ambalo wenzangu wa sehemu za Thika, Murang'a na Embu yafaa wakalishike sana: makadamia. Sisi wenyewe huziuza na kuzitafuna bila neno, lakini mbwa akizila hulegea miguu ya nyuma, hutapika na kutetemeka. Kwetu kuna miti mitatu ya makadamia. Wakati wa kudondoka, mimi na mdogo wangu huziokota kila asubuhi kabla Pilipili hajafunguliwa.

Fauka ya hayo kuna wadudu. Kupe hujificha ndani ya masikio na katikati ya vidole, nao huleta homa inayoweza kumwua mbwa kwa siku chache. Kila Jumapili baada ya kanisa huwa ninampekua mwili mzima kwa mikono. Miguu yake hutazamwa kama ina funza, maana funza wa mbwa ndio wale wale wanaoingia vidole vya watoto. Dawa ya minyoo hupewa kila baada ya miezi mitatu. Baba alimpeleka akahasiwa, na tangu hapo hatoroki kwenda kutafuta majike sokoni.

Kuhusu mafunzo, hatumpigi. Teria akipigwa huwa mkaidi zaidi, kama wanafunzi fulani ninaowajua! Hutumia neno moja kwa jambo moja, na watu wote nyumbani hutumia neno lilo hilo. "Kaa" ni kaa. "Acha" ni acha. Akitii hupata kipande cha dagaa. Nyanya peke yake ndiye anayemsemesha hotuba ndefu kwa Kikuyu, na cha ajabu, humsikiliza.

Mpaka hapo waweza kusema ni mchezo wa watoto. Subiri kidogo.

Mnamo tarehe 12 Agosti mwaka wa 2025 tulikuwa likizoni. Nilikuwa nikifua sare, na kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akichezea maji karibu na tangi. Mbwa mgeni aliingia kwenye lango lililoachwa wazi na mtu wa maziwa. Alikuwa mkubwa, mwekundu, taya limelegea na ute unachuruzika. Alitembea kama mlevi, wala hakubweka. Kabla sijafungua kinywa alikuwa amemfikia mtoto, na jino likamkwaruza muundi wa mguu. Pilipili alitoka nyuma ya jiko kama risasi. Alimrukia mbwa yule aliyemzidi mara nne, wakabingirika kwenye matope, nami nikapata nafasi ya kumvuta mdogo wangu ndani na kufunga mlango. Vijana waliokuwa wakipita njiani walisikia mayowe, wakaja na marungu, wakammaliza yule mgeni. Sikio la Pilipili lilikuwa limechanwa na damu inamtoka begani.

Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka mguu wa mtoto chini ya bomba, akausugua kwa sabuni, akaniambia nitazame saa ya ukutani. Dakika 15 kamili. Kisha akamfunga shuka, wakapanda bodaboda kwenda hospitali, mtoto akadungwa sindano ya kwanza siku iyo hiyo na nyingine katika majuma yaliyofuata. Kichaa cha mbwa husafiri kwenye mate, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ukiosha jeraha mara moja na kupata chanjo mapema, unapona. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa chanjo ya Louis Pasteur alikuwa mtoto kama mdogo wangu, Joseph Meister wa miaka tisa, tarehe 6 Julai mwaka wa 1885. Naye aliishi hadi utu uzima.

Huku nyumbani, umati ulikuwa umemgeukia Pilipili. "Huyu naye ameumwa! Auawe kabla hajatuambukiza!" Mimi na nyanya ndio tuliokuwepo. Nyanya alisimama mbele ya kibanda na fimbo yake.

"Wanangu," akasema kwa upole, "huyu amemkinga mjukuu wangu. Ngojeni daktari wa mifugo aje. Akisema afe, nitamfungua mwenyewe."

Mzee wa kijiji akakubali kungoja, akampigia daktari simu. Mimi nikakimbilia chumbani, nikashusha kopo la biskuti ambamo mama huweka vyeti vya kuzaliwa. Chini yake palikuwa na ile kadi. Daktari alipofika aliisoma mbele ya watu wote. Pilipili alichanjwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Chanjo ya mwisho ilikuwa na miezi saba tu. Daktari akaeleza kwamba mbwa aliyechanjwa ana kinga. Akamdunga chanjo ya nyongeza pale pale, akaagiza atengwe kwa siku 45. Marungu yakashushwa.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Yule mbwa mwekundu alikuwa amewauma mbwa wanne huko alikopita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kadi. Wote walilazimika kuuawa. Mmoja wao alikuwa wa rafiki yangu wa darasani. Mbwa yule alikuwa mpole, akimsindikiza hadi lango la shule kila asubuhi. Kichwa cha mbwa mwekundu kilipelekwa maabara ya Kabete, na jibu likaja kwamba kilikuwa kichaa kweli.

Siku 45 ni nyingi, ndugu zangu. Baba alijenga ua wa pili kuzunguka kibanda. Yeye peke yake ndiye aliyemlisha, akisukuma sahani kwa mti mrefu. Sisi tulikatazwa kumgusa. Kila jioni niliketi mbali kidogo, nikamsomea vitabu vyangu kwa sauti, na kabla ya kulala nikaweka alama kwenye kalenda. Siku ya 31 alikataa chakula. Usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Nilimsikia nyanya akiomba, na sijui alikuwa akimwombea mtoto, mbwa, au wote wawili. Asubuhi Pilipili alikula sahani mbili. Tarehe 26 Septemba daktari alikuja, akamchunguza macho na mdomo, akafungua ua kwa mkono wake mwenyewe. Pilipili alimpita daktari, akampita baba, akanipita hata mimi, akaenda moja kwa moja kumramba mdogo wangu miguu.

Siku mbili baadaye ilikuwa Jumapili tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kumbukumbu ya siku aliyofariki Pasteur mwaka wa 1895. Chifu na daktari walipanga chanjo katika uwanja wa soko. Watu walitoka kanisani wakaenda kuchukua mbwa wao. Walikuja na kamba za katani, waya na mishipi ya suruali, wengine wamewabeba kwenye mikokoteni. Rafiki yangu alikuja na mtoto wa mbwa aliyepewa na mjomba wake. Mama jirani wa kuku naye alikuja na wake wawili, akapanga foleni nyuma yetu, akasema, "Leo pilipili imenisaidia."

Daktari alituambia kuwa mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka wa 2014 wa kuumaliza kufikia mwaka wa 2030. Mwaka huo hauko mbali, na hatutaufikia kwa kuwafungia mbwa mnyororo na kuwarushia ukoko.

Sisemi kila boma lifuge Jack Russell. Kuna wenzetu ambao mila au dini yao haiwaruhusu kukaa na mbwa nyumbani, nasi tuwaheshimu. Wengine hawana muda wala ua. Lakini ikiwa tayari unaye, mkubwa kwa mdogo, koko kwa wa kizungu, haki zake ni zile zile: kazi ya kufanya, chakula kisichomdhuru, mwili uliopekuliwa kupe, na chanjo kila mwaka. Mapenzi ya mdomoni hayakumsaidia Pilipili siku ile. Kilichomsaidia ni kadi iliyojazwa vizuri na mtu aliyejua ilipowekwa.

Basi mwenzangu, ukifika nyumbani jioni hii, kabla hujaketi kufanya kazi ya ziada, uliza swali moja tu: kadi ya mbwa wetu iko wapi?